Tamko la Athari kwa Mazingira: Maswali Wanayouliza Wananchi Kabla Mradi Haujaanza

Siku hizi si ajabu kupita ofisi ya kijiji ukakuta tangazo limebandikwa ukutani: kampuni fulani inakusudia kujenga kitu fulani, wananchi wanaombwa kutoa maoni. Wengi hulisoma nusu, wakaenda zao shambani au baharini. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa mara nyingi katika mikutano ya aina hiyo. Mifano mingi nimeitoa Lamu, pwani ya Kenya, kwa sababu huko wakazi walilichukua kabrasha nene la kitaalamu, wakalisoma, na usomaji huo ukabadili mambo.

Tamko la athari kwa mazingira ni kitu gani hasa?

Ni maandishi ambayo mwenye mradi analazimika kuyawasilisha kabla hajaanza kazi. Humo anaeleza anataka kufanya nini, wapi, na kwa nini pale na si kwingine; mahali hapo pakoje leo; mradi utapabadili vipi; na yeye atachukua hatua gani ili madhara yaepukwe au yapungue.

Neno "mazingira" huwapoteza wengi, wakadhani ni habari ya miti na ndege. Ni hayo pia, lakini ni zaidi. Ni maji ya kisima chenu, vumbi litakaloingia darasani, makaburi ya wazee, njia ya ng'ombe kwenda mtoni, mahali mnapoegesha mitumbwi, hata kodi ya vyumba itakavyopanda vibarua wakija kwa mamia. Kama jambo linagusa maisha ya watu wa pale, lina haki ya kuwamo ndani ya tamko.

Tathmini, tamko, cheti: ni kitu kimoja?

Hapana. Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ambayo Tanzania huitwa TAM kwa kifupi, ni kazi yenyewe: kupima, kuhoji, kuchunguza, kufikiri. Tamko, au ripoti ya TAM kama wengi wanavyoiita, ni maandishi yanayotokana na kazi hiyo. Cheti (Kenya husema leseni) ni ruhusa inayotolewa na mamlaka ya mazingira baada ya kuyapitia maandishi hayo na kuridhika nayo. Mtu akikwambia "suala la mazingira tumeshamaliza", muulize amemaliza lipi kati ya hayo matatu.

Utaratibu huu ulianzia wapi?

Marekani. Januari 1969 kisima cha mafuta kililipuka baharini karibu na Santa Barbara, California, na mafuta yakachafua pwani. Halikuwa tukio pekee lililowaamsha watu, lakini lilichangia sana. Mwishoni mwa mwaka huo bunge lao lilipitisha sheria ya taifa ya sera ya mazingira, na Rais Nixon akaitia saini tarehe 1 Januari 1970. Kifungu kimoja kiliziamuru taasisi za serikali kuu kuandaa maelezo ya kina ya athari kabla ya kufanya jambo kubwa linaloweza kubadili mazingira, pamoja na kueleza njia mbadala.

Mwaka 1992 mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mazingira uliofanyika Rio, Brazili, uliiingiza tathmini katika kanuni zake, ile ya 17. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1999, Tanzania mwaka 2004, Zanzibar ina ya kwake ya 2015, na Uganda ilifanya upya ya kwake mwaka 2019.

Je, kusudi lake ni kuzuia maendeleo?

Swali hili huulizwa kwa hasira na pande zote mbili. Mwekezaji huona tamko kama kizingiti, na mwanaharakati hulalamika kwamba halikuzuia kitu.

Kusudi lake ni kumfanya mwenye kuamua aamue akiwa anajua. Ofisa anayetia saini cheti hawezi baadaye kusema hakujua kwamba kisima cha kijiji kiko mita mia mbili kutoka shimo la taka, kwa sababu kimeandikwa. Na mwenye mradi analazimika kujiuliza mapema, wakati mchoro bado ni wa penseli, kama barabara inaweza kupinda kidogo ikaacha chanzo cha maji. Kuhamisha mstari kwenye karatasi hakugharimu kitu, kuhamisha daraja lililokwisha jengwa ni habari nyingine. Ndiyo maana sheria ya Tanzania inataka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza, na hata kabla haujagharimiwa.

Kwa hiyo miradi mingi hupita, tena ikiwa imerekebishwa. Michache hukataliwa. Kwangu mimi, tamko zuri ni lile lililobadilisha kitu kwenye mradi. Kama kabrasha lina kurasa mia nne na mchoro umebaki vile vile ulivyokuwa siku ya kwanza, nina wasiwasi na kazi iliyofanyika.

Kila mradi unahitaji tamko?

La. Duka la rejareja halihitaji, bwawa la umeme linahitaji. Katikati ndipo penye mjadala, na mamlaka ndiyo huamua baada ya mradi kusajiliwa na kuchujwa. Tanzania, kwa kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018, miradi imegawanywa: kundi A ambalo tathmini kamili ni lazima, B1 iliyo mpakani, B2 ambayo haihitaji tathmini kamili, na kundi maalumu. Kenya ina orodha yake kwenye jedwali la sheria. Mkitaka kujua mradi wenu umewekwa kundi gani, ulizeni kwa barua. Ni swali halali kabisa.

Nani anaandika, na nani anamlipa?

Huandikwa na wataalamu waliosajiliwa, yaani washauri elekezi wa mazingira. Anayewalipa ni mwenye mradi.

Ndiyo, mmesikia sawasawa. Anayetaka kibali ndiye anayemlipa anayemkagua. Wapo washauri waaminifu wanaomwambia mteja ukweli usoni, nimewaona. Lakini mpangilio wenyewe una udhaifu, na dawa yake ni macho ya watu wengine: wataalamu wa mamlaka wanaopitia ripoti, idara za serikali zinazoombwa maoni, na ninyi mnaoishi pale. Mshauri hukaa wiki mbili, akaondoka. Ninyi mnajua mto hufurika hadi wapi.

Ndani yake mna nini, na nianzie wapi kusoma?

Usianze ukurasa wa kwanza. Ukianza pale utasinzia kwenye maelezo ya sera na sheria kabla hujafika panapokuhusu.

Anza na ramani. Tafuta nyumba yako, shamba lako, kisima chako. Kama kijiji kizima hakimo kwenye ramani, hapo umeshapata hoja ya kwanza.

Nenda sehemu ya njia mbadala. Hapa mwenye mradi anatakiwa kueleza maeneo mengine au teknolojia nyingine alizozifikiria, pamoja na hali itakavyokuwa mradi usipofanyika kabisa. Ni sehemu inayoandikwa kivivu kuliko zote. Mara nyingi utakuta aya mbili: "eneo jingine halikufaa". Halikufaa kwa nini, kwa nani?

Kisha soma maelezo ya hali ilivyo kabla ya mradi, na uangalie tarehe. Vipimo vilichukuliwa lini? Mtu aliyekuja Septemba hawezi kuona bonde linavyojaa maji wakati wa masika. Pwani jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mwaka wetu unaendeshwa na pepo. Aliyepima hewa wakati wa kusi amepima nusu ya mwaka tu. Mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa Lamu ulipangwa Kwasasi, bara, upande wa kaskazini wa kisiwa. Mzee yeyote wa pwani angeuliza kwanza: kaskazi ikivuma, moshi na majivu yataelekea wapi? Elimu hiyo ya jahazi na nyavu ni elimu ya tathmini, na mahali pake ni ndani ya ripoti.

Mwisho fika kwenye mpango wa usimamizi wa mazingira, ambao huwa ni jedwali. Hapa ndipo ahadi zinapoandikwa. Nakuomba usome hapa polepole. Ahadi ya kweli ina mambo manne: nini kitafanyika, nani atafanya, lini, na kwa fedha kiasi gani. "Mkandarasi atamwagia barabara maji mara tatu kwa siku wakati wa kiangazi" ni ahadi. "Vumbi litadhibitiwa inapowezekana" haimfungi mtu yeyote. Pigia mstari kila "inapowezekana".

Angalia pia mpangilio wa hatua. Kwanza ni kuepuka madhara, yasiyoepukika yapunguzwe, yaliyotokea yarekebishwe, na fidia iwe ya mwisho kabisa. Ripoti inayokimbilia fidia tangu ukurasa wa kumi imeruka hatua tatu.

Mbona limeandikwa Kiingereza?

Kwa sababu wataalamu husomea kwa Kiingereza, na wafadhili husoma Kiingereza. Sababu zinaeleweka, lakini hazimsaidii mama anayeuza samaki. Ripoti za Tanzania huambatana na muhtasari wa Kiswahili: uombeni, ni haki yenu. Kenya, kanuni za tathmini za 2003 zinataka tangazo la redio litolewe kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na mwenye mradi afanye angalau mikutano 3 na watu wanaoathirika.

Muhtasari nao usiuamini wote. Unaandikwa na mkono ule ule, na mara nyingi mambo magumu huachwa kwenye viambatisho. Mtafuteni kijana wa chuo au mwalimu wa sekondari mkae naye siku nzima kwenye sura zinazowahusu. Hamhitaji kulisoma lote.

Walishakuja kutuuliza maoni. Si imekwisha?

Kisa cha Lamu kinajibu swali hili kuliko ninavyoweza mimi.

Kampuni ya Amu Power ilikusudia kujenga Kwasasi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Mji mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kaunti ile ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Wavuvi waliogopa maji ya moto yatakayorudishwa baharini kutoka kwenye mtambo. Wengine waliogopa majivu. Septemba 2016 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikatoa leseni. Umoja wa vikundi vya wakazi, Save Lamu, pamoja na wenzao, wakakata rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira.

Kampuni haikuja mikono mitupu. Ilisema mikutano ilifanyika, na ni kweli ilifanyika. Lakini jopo liliuliza ilifanyika wakati gani, na watu walielezwa nini. Mikutano ile ilikuwa ya mwanzoni, ya kuutambulisha mradi, kabla utafiti haujakamilika. Ripoti ilipokuwa tayari, yaani pale athari zilipokuwa zimeandikwa na kuhesabiwa, wananchi hawakurudiwa ipasavyo wakaelezwa yaliyomo na kusikilizwa. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni na kutaka tathmini ifanywe upya kama kampuni bado inautaka mradi. Lililaumu pia kutozingatiwa kwa sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016. Kampuni ilikata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikauacha uamuzi ule usimame.

Jambo lenyewe ni rahisi ukilitazama vizuri. Huwezi kumtaka mtu maoni juu ya kitu ambacho hajaonyeshwa. Mkutano wa kwanza unauliza, "mnaogopa nini?" Mkutano wa pili lazima urudi na kusema, "mliogopa haya, tumeyapima, tumekuta hivi, tutafanya hivi". Bila huo wa pili, wa kwanza ulikuwa utambulisho tu.

Kwa hiyo kama walikuja mara moja wakaondoka, haijaisha. Ulizeni ripoti iko wapi.

Nilisaini karatasi ya mahudhurio. Nimeukubali mradi?

Hapana. Umeshuhudia kwamba ulikuwapo. Hata hivyo karatasi hizo huwekwa nyuma ya ripoti kama ushahidi wa ushirikishwaji, na msomaji wa mbali anaweza kuzielewa vibaya. Katika mkutano mmoja niliohudhuria, watu walisaini mlangoni kabla hata mgeni hajafungua mdomo, kisha zikagawiwa soda. Tangu siku ile nawashauri watu mambo mawili: sainini mwishoni, na juu ya karatasi kuwe na maneno "mahudhurio tu". Na katibu wa kijiji aandike muhtasari wake mwenyewe wa mkutano, usio wa mshauri, upigwe mhuri na kuwekwa.

Nikitoa maoni, niandike nini ili yasikike?

Andika unachokijua wewe. "Tunaupinga mradi" ni msimamo wako na hakuna wa kukunyima, lakini ofisa hana cha kupima hapo. Mwandikie hivi: "Ukurasa wa 87 unasema hakuna kisima ndani ya nusu kilomita. Visima viko vitatu, kimoja kinahudumia shule, ramani nimeichora hapa." Sentensi hiyo hawezi kuiruka. Lazima aijibu au amrudishie mshauri.

Taja ukurasa, mahali na msimu. Sema unachotaka kibadilishwe. Weka tarehe, baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Tangazo hutaja siku ya mwisho ya kupokea maoni, msiingoje. Kusema kwa mdomo kwenye mkutano kunakubalika, ila maandishi hayasahauliki.

Mradi wenyewe si mkubwa. Lakini umezungukwa na mingine kumi. Nani anahesabu jumla?

Hapa pana pengo, na nalisema kwa uchungu. Kila machimbo ya mchanga yana ripoti yake inayosema madhara ni madogo. Kumi madogo yakikutana kwenye mto mmoja, mto umekwisha. Ripoti inapaswa kuwa na sehemu ya athari za jumla. Itafuteni, na kama haimo, semeni.

Kwa mipango mikubwa ipo tathmini ya kimkakati, inayotangulia miradi mmoja mmoja na kutazama eneo zima. Hapa tena Lamu inatufundisha. Bandari mpya ya Lamu ni sehemu ya mradi wa LAPSSET unaounganisha bandari, barabara, reli na bomba la mafuta. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliona kwamba bandari ilianza bila tathmini ya kimkakati kutangulia, na kwamba haki za wenyeji zilivunjwa. Iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya takribani shilingi bilioni 1.76 za Kenya.

Cheti kikishatoka, kabrasha linafungiwa kabatini?

Mara nyingi ndivyo inavyokuwa, na ndiyo hasara kubwa. Cheti hutolewa kwa masharti, na ule mpango wa usimamizi ndani ya ripoti unamfunga mwenye mradi muda wote wa ujenzi na uendeshaji. Toeni nakala ya jedwali lile la ahadi, mlibandike ofisini kwenu. Aliyeahidi kumwagia barabara maji mara tatu asipomwaga hata mara moja, mna karatasi ya kumwonyesha yeye na ofisa wa mazingira wa wilaya au kaunti.

Hatukubaliani na leseni iliyotolewa. Tufanyeje?

Kenya, rufaa hupelekwa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Siku hizo hupita haraka kuliko mnavyodhani, kwa hiyo tafuteni wakili au shirika la msaada wa sheria wiki ile ile mnayopata habari. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kwingineko njia zinatofautiana, lakini hatua ya kwanza ni moja: barua kwa mamlaka iliyotoa cheti, kuomba sababu za uamuzi na nakala ya ripoti iliyotumika.

Kiwanda kimeshaanza kazi, na hatukuona tathmini yoyote. Tumechelewa?

Kwa tathmini, ndiyo, mmechelewa. Kwa haki yenu, bado.

Owino Uhuru ni mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi. Kilianza kazi kabla ya tathmini kufanyika. Watu waliugua, watoto wakapimwa na kukutwa na risasi kwenye damu, na baada ya miaka ya kulalamika kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, NEMA ikiwa miongoni mwa waliopatikana na lawama. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo, kisha Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi hiyo, kwa jambo ambalo swali moja lililoulizwa mapema, "jirani yenu ni nani?", lingelionyesha.

Kwa hiyo andikeni leo kwa mamlaka ya mazingira, mwombe ukaguzi wa mazingira ufanyike kwenye kiwanda. Ukaguzi ni ndugu wa tathmini, unaofanywa kwa kitu ambacho tayari kipo. Wekeni daftari: tarehe, harufu au moshi uliotoka, upepo ulielekea wapi, nani aliugua. Vyeti vya hospitali visitupwe. Pigeni picha za mfereji wa maji machafu kutoka mahali pale pale kila wiki, asubuhi na jioni. Mkaguzi atakapokuja ataona siku moja tu, na kiwanda kitakuwa kimefagiliwa.